Kumtunza Mzee Mwenye Ugonjwa wa Tumbo



Jioni ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo si desturi kulitaja mbele za watu. Ni habari ya tumbo la mzee, choo kinapokataa kutoka, au kinapokuja pasipo kubisha hodi. Twaomba radhi tangu sasa kwa maneno tutakayoyatumia. Twajua ya kuwa penye wakwe na watoto maneno hayo hayasemwi. Lakini sisi tumeona kwa macho yetu ya kuwa kunyamaza kwetu kulikaribia kumwua mtu, na kwa hiyo leo twachagua kusema. Mwenye kuona haya na aone haya, lakini tafadhali asiondoke.

Mzee tunayemnena ni baba yetu sisi. Kwetu ni upande wa Muheza, nchi ya michungwa, na michungwa ya nyumbani aliipanda yeye kwa mikono yake tulipokuwa watoto. Mambo haya yalipotupata, mwaka 2018, alikuwa na miaka 78. Macho yake yalikuwa mazuri, masikio yake mazuri, na akili yake kali kuliko zetu. Ila magoti ndiyo yaliyomshinda. Mama yetu alikuwa ameondoka duniani miaka miwili nyuma, naye mzee alikaa katika nyumba ya ndugu yetu mkubwa, akitunzwa na mke wa ndugu yetu, mwanamke mwema sana. Sisi wengine twalikuwa mbali, twaja sikukuu hata sikukuu.

Basi mzee alianza kupunguza kula. Akiletewa ugali alimega matonge mawili matatu, akanawa. Akiulizwa hujibu, "Nimeshiba, mwanangu." Chai ya jioni aliikataa kabisa. Tukasema huo ndio uzee, mtu mzima hana haja ya chakula kingi, wala, Mungu atusamehe, hatukuuliza zaidi.

Sababu twaijua sasa. Choo cha nyumba ile kilikuwa nyuma ya mji, mwendo wa hatua kama 60, katika njia yenye mizizi. Nacho ni choo cha shimo, cha kuchuchumaa. Mtu wa magoti mabovu akichuchumaa hawezi kuinuka ila ashike kitu, na mle ndani hapakuwa na cha kushika. Usiku mmoja mzee alianguka mle. Akakaa chini gizani hata alipopata nguvu za kujivuta, akarudi kitandani, asimwambie mtu. Atamwambia nani? Mkwewe? Tangu usiku ule akafanya shauri lake peke yake: asile sana, asinywe kitu jua likishatua, na haja ikimjia aizuie mpaka imwache. Huu ndio mwanzo wa ugonjwa wote, na mtaona ya kuwa haukuanza tumboni. Ulianza katika njia ya chooni.

Sasa yafaa tueleze kidogo kazi ya tumbo, maana asiyeijua atamlaumu mgonjwa. Chakula kikiisha kusagwa na kunyonywa nguvu zake, makapi huingia katika utumbo mpana yakiwa majimaji. Kazi moja ya utumbo huo ni kunyonya maji yale, ili mwili usiyapoteze bure. Basi choo kikikawia mle, utumbo huendelea kunyonya, na choo hukauka kama udongo wa kufinyangia ulioachwa juani. Kwa kijana, misuli ya utumbo husukuma kwa nguvu, na mwendo wake wa kutembea na kufanya kazi husaidia. Kwa mzee misuli hulegea, mwendo hupungua, meno ya kutafuna hayapo, na tena kiu yenyewe huzeeka. Jambo hili wengi hawalijui. Mwili wa kijana ukipungukiwa na maji, kiu humlilia. Mwili wa mzee hupungukiwa na maji hali yeye hana hamu ya kunywa. Ukingoja mzee aombe maji, utangoja sana.

Ziko na dawa zinazofunga choo. Vidonge vya kuongeza damu vyafanya hivyo kwa watu wengi, na vidonge vya maumivu vyenye kodeini vyafanya zaidi. Kwa hiyo mtu akimpeleka mzee kwa mganga, na achukue dawa zote mzee anazotumia katika mfuko, hata zile za kununua dukani, akazimwage mezani.

Turudi kwa mzee wetu. Siku moja mke wa ndugu yetu, akifagia, alikuta kikoi kilicholoa kimefichwa chini ya kitanda. Siku ya pili akakuta kingine. Akamnong'oneza mumewe. Ndugu yetu akatupigia simu, nasi sote kwa umoja wetu, tulio mbali na tulio karibu, tukatoa hukumu ya kuwa mzee anahara. Tukanunua vidonge vya kufunga tumbo. Tukamnyima machungwa na mapapai, tukamnywesha chai ya rangi. Twaliona tumefanya kazi ya watu wenye akili, maana baada ya siku mbili vikoi vilikuwa vikavu.

Kumbe tulikuwa tukiziba mto uliokwisha kuziba. Mzee hakuwa akihara. Choo kigumu kilikuwa kimejaa katika mwisho wa utumbo kama jiwe, na majimaji yaliyo nyuma yake yalikuwa yakipenya pembeni na kutoka yenyewe, bila yeye kujua. Mtu wa nje huona majimaji akadhani ni kuhara. Waganga wanaijua hali hii sana kwa wazee, wala si ajabu kwao. Lakini nyumbani hudanganya karibu kila mtu. Ndiyo maana twawaombeni, mkisahau yote tutakayosema jioni hii, likumbukeni hili moja: mzee akianza kutokwa na choo cha maji, aulizwe kwanza alipata lini choo cha kawaida. Ikiwa ni siku nyingi, msimpe dawa ya kufunga tumbo hata kidogo.

Vidonge vyetu vikafanya kazi yake. Siku ya nne tumbo la mzee lilikuwa limevimba, mkojo ukawa hautoki ila matone, na usiku akaanza kusema maneno yasiyo na mpango, akimwita ndugu yetu kwa jina la amu yetu aliyekufa zamani. Sisi tukadhani ni malaria imepanda kichwani. Kumbe hayo nayo ni katika ugonjwa ule ule, maana choo kilichoshikamana huweza kubana njia ya mkojo, na mzee ambaye mkojo umezuilika na maji yamepunguka mwilini huweza kuchanganyikiwa akili kwa siku moja tu.

Jirani mmoja, mtu mzima aliyetutakia mema, akaleta haluli. Mwingine akasema sanamaki ni bora. Hatuzitukani dawa hizo. Sanamaki ni dawa ya kweli, na mpaka leo mahospitali hutumia vidonge vilivyofanyizwa kwa mti ule. Lakini dawa ya kuendesha kwa mtu ambaye njia imeziba ni kama kumchapa punda aliyekwama katika matope. Utumbo husukuma kwa nguvu juu ya kitu kisichoondoka, na ukipasuka, mtu hufa. Tumbo likivimba na kuuma, mgonjwa akitapika, na hata upepo usipotoka, asipewe haluli wala sanamaki wala mafuta ya mbarika, wala asipigwe bomba nyumbani. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane. Yawezekana utumbo umejisokota wenyewe kama kamba. Afrika ni mojawapo ya sehemu za dunia ambazo ugonjwa huo wa kujisokota huonekana sana, na aghalabu huwapata wanaume. Huo haungoji asubuhi.

Katika zahanati tulimkuta mganga, binti mdogo kwa umri kuliko wadogo zetu. Twakiri ya kuwa tulimtazama kwa shaka. Naye aliuliza swali moja ambalo hakuna mmoja wetu aliyepata kuliuliza: "Kabla ya kuhara huku, Babu alipata choo kizuri siku gani?" Tukatazamana. Mke wa ndugu yetu akainamisha kichwa. Mzee mwenyewe, katika kuchanganyikiwa kwake, akanyosha vidole vya mikono yote miwili, akavikunja, akanyosha tena vitatu.

Siku kumi na tatu.

Yule binti akatutoa nje sisi wote, akambakiza mjukuu wa mzee, kijana wa miaka 16, amshike Babu yake mkono. Akamwomba mzee ruhusa, akavaa mpira mkononi, akampima kwa kidole, na mara akajua. Kwa kuwa tumbo lilikuwa limevimba, akatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko walimpiga picha ya eksirei wahakikishe ya kuwa utumbo haukujisokota, wakamwekea mpira wa mkojo, wakampa maji kwa mshipa, wakamlainisha na kumpiga bomba kwa siku tatu, taratibu, mara kwa mara. Siku ya nne mzee aliketi kitandani akaomba uji. Akamwita ndugu yetu kwa jina lake.

Alipotoka hospitali ndipo kazi yetu ilipoanza. Hospitali huondoa jiwe. Jiwe lisirudi ni kazi ya nyumbani.

Tulianza na choo. Tulimwita fundi seremala, akatwaa kiti cha mbao chenye mikono miwili, akakata tundu katikati ya kikalio, akalisugua pande zote lisichome nyama, akapigilia miguu kwa nguvu kisitikisike. Chini huwekwa ndoo yenye kifuniko na majivu kidogo. Kiti kile hukaa katika pembe ya chumba cha mzee, nyuma ya pazia la kanga. Mbele yake pana kigoda cha kuwekea miguu, maana mtu akiketi juu na miguu imeinuka kidogo, magoti juu ya kiuno, njia ya haja hunyooka kama ya mtu aliyechuchumaa, wala magoti hayaumii. Usiku taa ndogo huachwa ikiwaka. Gharama ya kiti ilikuwa ndogo kuliko nauli ya gari iliyotupeleka hospitali, na laiti tungalikuwa nacho mapema, safari ile isingalikuwapo.

Pili ni wakati. Tumbo huamka pamoja na chakula. Mtu akiisha kula chakula cha asubuhi, utumbo wote hujongea, na hiyo ndiyo saa ya kuketi, mara tu baada ya uji, kila siku, haja ikiwapo au isipokuwapo, bila ya kuharakishwa na bila ya kukamua kwa nguvu. Mzee huachwa peke yake nyuma ya pazia lake. Asiitwe, asiulizwe mlangoni, "Bado?" Mtu mzima akiulizwa hivyo hufunga.

Tatu ni mtu wa kumsaidia, na hapa ndipo penye ugumu. Mke wa ndugu yetu alikuwa tayari kufanya yote, lakini mzee asingeweza kuvuliwa nguo na mkwewe, angalikufa kwanza. Wala ndugu yetu mwenyewe hakufaa, maana mtoto kuutazama uchi wa baba yake ni aibu kwa wote wawili. Aliyefaa ni mjukuu. Kwetu babu na mjukuu ni watani, nao utani huo tulidhani ni mchezo wa kuchekesha watoto. Tumeuona sasa kuwa una kazi kubwa kuliko kuchekesha. Yule kijana aliweza kumwambia, "Babu, mke wako nimemchukua mimi, kwa hiyo inuka nikufute upesi niende kwake," na mzee akacheka mpaka machozi, na kazi ikawa imekwisha. Neno hilo hilo lingetoka kinywani mwa mtoto wake lingekuwa tusi. Kila nyumba na itafute mtu wake kwa desturi zake, lakini mzee mwenyewe ndiye wa kuulizwa anamtaka nani.

Mtu aliyechafuka asafishwe kwa maji na kitambaa laini, kutoka mbele kwenda nyuma, akaushwe vizuri kwa kugusa wala si kwa kusugua, kisha apakwe mafuta ya mgando, kwa kuwa ngozi ya mzee ni nyembamba kama karatasi na choo cha maji huichoma. Msaidizi anawe mikono kwa sabuni, na sabuni ikikosekana, kwa majivu.

Sasa chakula. Alikuwapo daktari mpasuaji mmoja, jina lake Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliyefika Uganda mwaka 1946 akafanya kazi huko miaka mingi. Yeye na wenzake walifanya jambo ambalo wengi wangaliliona la kichekesho: walipima uzito wa choo cha watu wa vijijini Uganda, na cha Waingereza, na muda ambao chakula hukaa tumboni. Habari yao waliichapisha mwaka 1972. Waliona ya kuwa mwanakijiji hupata choo kingi zaidi na laini zaidi, na chakula chake hupita upesi, kwa sababu hula nafaka pamoja na ganda lake, na mboga, na mizizi, ambapo Mwingereza alikuwa akila mkate mweupe. Tulipoisoma habari hii tulijivuna kidogo. Kisha tukatazama sahani ya mzee wetu. Ugali wake ulikuwa wa sembe nyeupe kama chokaa, uliokobolewa mashineni, na pumba zake zilikuwa zimekwenda kwa kuku. Kuku wetu walikuwa wakipata choo kizuri kuliko baba yetu.

Basi siku hizi hula dona, iliyosagwa laini, na asubuhi uji wa dona au wa mtama. Maharage hupikwa mpaka yanavurugika, maana hana meno. Mchicha na matembele hukatwa vidogo sana. Papai lililoiva halikosi. Machungwa zamani aliyafyonza maji akatema makapi. Sasa twamenya maganda meupe, twaondoa mbegu, twamkatia vipande vidogo ayameze pamoja na nyama zake, kwa maana makapi yale ndiyo yenye faida kwa ugonjwa wake. Lakini angalieni mambo mawili. Chakula cha makapi kisichofuatana na maji huongeza ugumu, wala hakipunguzi. Tena mtu ambaye bado ameziba asishindiliwe vyakula hivi; azibuliwe kwanza.

Maji twayapima. Mjukuu hujaza chupa ya lita moja na nusu kila asubuhi na kuiweka karibu na kiti cha mzee, na ikifika jioni iwe imekwisha, mbali na uji na mchuzi. Sehemu kubwa hunywewa kabla ya magharibi, usiku apumzike. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo asifuate kipimo hiki mpaka amwulize mganga wake, kwa sababu wako walioambiwa wanywe kidogo. Na kila siku jioni mzee wetu hutembezwa hata mchungwa wa tatu na kurudi, akiegemea fimbo upande mmoja na mjukuu upande wa pili.

Hatutaki mfikiri ya kuwa kila kuhara kwa mzee ni kwa uongo. Kuhara kwa kweli kupo, nako humwua mzee upesi kuliko kijana, kwa kuwa akiba yake ya maji ni ndogo. Huja kwa ghafla, mara nyingi pamoja na homa au kutapika, kwa mtu ambaye jana alipata choo chake cha kawaida. Huyo dawa yake ya kwanza ni maji yenye chumvi na sukari. Pakiti za zahanati ndizo bora. Zikikosekana, twaa lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Yakionjwa yasiwe na chumvi kuliko machozi. Anywe bilauri moja kila atokapo chooni, na akitapika, apumzishwe dakika kumi, kisha aanze tena kwa kijiko.

Msiyadharau maji hayo kwa kuwa ni kitu cha jikoni. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi walishikwa na kipindupindu katika mji wa Bangaon, nchi ya India. Maji ya mshipa yalipokwisha, Daktari Dilip Mahalanabis aliwapa jamaa za wagonjwa maji ya chumvi na sukari wawanyweshe wenyewe. Wagonjwa waliokuwa wakifa kama 30 katika kila 100 wakapungua hata chini ya 4. Walionywesha walikuwa mama na ndugu na watoto wa wagonjwa, watu kama sisi.

Kwa mtoto anayehara twafinya ngozi ya tumbo tuone kama yarudi upesi. Kwa mzee alama hiyo hudanganya, kwani ngozi yake imelegea tangu zamani. Tazameni ulimi kama umekauka, mkojo kama umepungua na kuwa mwekundu, na akili kama imetulia. Akipata kizunguzungu asimamapo, au akisinzia mchana kinyume cha desturi yake, apelekwe.

Ziko alama nyingine zisizongoja, nazo twazitaja kwa haraka. Choo cheusi kama lami, chenye kunata na kunuka vibaya, ni damu iliyotoka juu katika tumbo, na wazee wengi huipata kwa vile vidonge vya magoti, aspirini na diklofenaki na ndugu zao, vinavyoliwa kila siku kama njugu. (Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi bila hatari, lakini mwacheni mganga aamue.) Damu nyekundu katika choo, hata mkidhani ni bawasiri. Kukonda pasipo sababu. Chakula kukwama kifuani wakati wa kumeza. Tena choo kubadili desturi yake kwa wiki nyingi kwa mtu aliyekuwa mzima. Haya yote si uzee.

Limebaki neno moja, nalo ni juu yetu sisi tuliokuwa mbali. Mzee aliporudi kutoka hospitali tulituma fedha, na pamoja na fedha tulituma maagizo kwa simu: apewe hiki, asipewe kile, kwa nini hakutembezwa. Mwezi wa tatu mke wa ndugu yetu alikaa jikoni akalia. Hakuwa amechoka na mzee. Alikuwa amechoka nasi. Alikuwa akifua vikoi na mashuka kila alfajiri kabla ya kwenda shamba, na hakuna aliyemwuliza yeye amelala saa ngapi. Tukafanya kikao. Tangu siku ile kila mmoja wetu huja wiki mbili kwa zamu, akafua yeye, akapika yeye, akamtembeza mzee yeye, na shemeji yetu huenda kwao kupumzika. Fedha bado twatuma. Maagizo tumeacha, maana mtu aliyefua mashuka yale kwa wiki mbili hana tena hamu ya kuagiza.

Mtauliza twajuaje kama choo kimepata siku tatu pasipo kumwuliza mzee na kumtia haya. Jambo hilo alilitengeneza mwenyewe. Ukutani, nyuma ya pazia lake, ana kipande cha mkaa. Kila siku apatapo choo huchora mstari mmoja, na siku asipopata huacha nafasi. Mtu wa zamu huingia kufagia, akatazama ukuta, akatoka bila kusema neno. Nafasi zikiwa mbili huongeza papai na maji. Zikiwa tatu hupewa ile dawa ya unga aliyoandikiwa hospitali. Dawa isipofanya kazi kwa siku moja, huenda kwa yule binti wa zahanati, ambaye mzee humwita mchumba wake, ili kumchokoza mjukuu.

Tulipokwenda juma lililopita, mistari ilikuwa imejaa ukuta ule mpaka kwenye dirisha, na mzee alikuwa akidai apakiwe chokaa apate kuanza upya. Habari ya magoti yake, ambayo wengine wenu mmetuletea maswali juu yake, tutaizungumza jioni nyingine. Kwaherini.